Waridi la jangwani, mtapo, mbuyu, vayoleti ya Usambara: tuiotesheni kwa mbegu, tuache kuing'oa porini

MwanaKitalu (Muheza), mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaopenda mimea isiyopatikana kwenye kila kitalu cha barabarani. Nitaanza na ya kwetu, maana kuna jambo linaniuma. Siku hizi pembezoni mwa barabara kuu unakuta mawaridi ya jangwani makubwa yamepangwa yakisubiri mnunuzi, mizizi imekatwa kwa panga, udongo mwekundu wa porini bado umegandia kwenye shina. Mmea wa kiasi hicho umeishi miaka mingi kwenye mawe yake. Unanunuliwa, unapandwa kwenye bustani inayomwagiliwa kila asubuhi, na kabla masika hayajaisha umeshaoza kutokea chini. Mwenye bustani anarudi kununua mwingine, na kule ulikong'olewa hakuna aliyerudishia hata mche mmoja.

Wakati huohuo mbegu za waridi hilohilo, Adenium obesum kwa jina la kitaalamu, zinaota ndani ya wiki moja.

Matunda yake hutoka mawili mawili, marefu, yameungana shinani. Yakikaribia kukomaa hubadilika kutoka kijani kwenda kahawia, kisha hupasuka ubavuni. Usiingoje siku hiyo. Yafunge mapema kwa uzi au yavalishe kipande cha soksi ya nailoni, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo ukipenya tu zimekwenda. Mbegu yenyewe ni kijiti kifupi cha rangi ya kahawia. Tumia za msimu huu. Zikikaa sana hupoteza uhai, kwa hiyo anayekuuzia za mwaka juzi usimtegemee.

Udongo wangu ni mchanga wa mto uliooshwa, changarawe ndogo, pumba za mpunga zilizochomwa na mboji kidogo tu. Laza mbegu, ifunike kwa mchanga kiasi cha kuificha, weka mahali penye joto. Nyuzi 27 hadi 30 ndizo inazozipenda, na huku pwani hatuzinunui. Siku ya nne au ya tano mchanga unaanza kuinuka, na kinachotokeza ni shina nene tayari, lenye majani mawili mafupi. Hapo ndipo mbegu inapoushinda mche wa tawi. Tawi ukilichomeka litashika na kuchanua, ila shina la chini halinenepi kama la mmea wa mbegu, na lile shina ndilo watu wanalolipia. Ukiupa jua la kutosha, maua utayaona kati ya mwaka mmoja na miwili.

Tahadhari: utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa Eyasi hutengenezea sumu ya mishale. Ukishika kisu kuukata, nawa mikono vizuri, na watoto na mifugo wasiufikie.

Karibuni tujadili, kila mwenye mmea wake wa ajabu aulete.

Mkulima wa Balkoni (Dar)

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Nina trei mbili za waridi la jangwani, zimeota karibu zote, halafu miche ikaanza kulala mmoja mmoja. Ukiangalia chini usawa wa udongo, shingo imekuwa nyembamba na nyeusi. Juu majani bado ni ya kijani kabisa. Namwagilia asubuhi na jioni kama mboga. Tatizo ni mbegu au mdudu?

MwanaKitalu

Si mbegu wala mdudu, hicho ni kinyausi. Ni ukungu ulio kwenye udongo mbichi, unashambulia shingo ya mche kabla haijakomaa. Waulize wakulima wa nyanya na kabichi, wanaujua vizuri.

Trei zilizoathirika usizihangaikie sana, ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake uitupe mbali. Iliyosimama iache bila maji mpaka juu pakauke. Kisha anza kumwagilia kwa chini: weka trei kwenye beseni lenye maji, ikishanyonya iondoe. Mara ya pili usubiri mpaka uguse udongo uone umekauka. Kama balkoni yako haina upepo, sogeza trei penye kupita hewa, hilo linasaidia kuliko dawa nyingi za dukani. Na safari ijayo udongo uuchemshe au umwagie maji yanayochemka siku moja kabla ya kusia. Mboji ambayo haijaiva ndiyo inayoleta balaa mara nyingi.

Ngarenaro Bustani (Arusha)

Nimesoma kwa makini, na mimi ni mmoja wa hao wanaotengeneza bustani za mahoteli, kwa hiyo niseme upande wetu. Mteja anakupa mwezi mmoja, ufunguzi uko mlangoni, anataka bustani iliyokwisha kukua. Ukimwambia habari ya mche wa miaka mitatu anakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine anajua njia ya kwenda porini. Hii ni biashara, si kwamba watu hawapendi mazingira. Nipeni jibu la hapo, maana mimi mwenyewe sifurahii.

MwanaKitalu

Umesema kweli na nakushukuru kwa uwazi. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza hesabu. Ule mkubwa wa porini umepoteza mizizi yake karibu yote. Unachomuuzia mteja ni shina linaloishi kwa akiba. Likishika, vizuri; lisiposhika, wewe ndiye unayepigiwa simu. Mche wa mbegu uliolelewa kwenye chungu unahama na mizizi yake yote, haujui kama umehamishwa.

Pili, miche mitatu au mitano ya miaka mitatu ukiipanda kwa pamoja kwenye mwinuko wa mawe inajaza macho kuliko kigogo kimoja kinachoning'iniza majani. Ukitenga kona ya kitalu chako ukasia kila msimu, mwaka wa tatu una bidhaa ambayo mwenye panga hawezi kukupa: imenyooka, haina kidonda, unajua rangi ya ua, na ukiulizwa imetoka wapi una la kujibu. Wathailandi na Wataiwani wamejenga biashara nzima juu ya ua hili hili kwa kuchavusha na kusia, na leo tunaagiza kwao aina zenye petali mbilimbili. Mmea umetoka kwetu, unaturudia na bei.

BintiTaita (Voi)

Hujambo MwanaKitalu, na wengine wote. Kwa vile umetaja vayoleti kwenye kichwa cha uzi, mimi nisemee ya kwetu. Kule Mbololo, milima ya Taita, tuko na aina yetu ambayo kwa asili haimei mahali pengine popote, Saintpaulia teitensis. Inakaa kwenye miamba yenye kivuli ndani ya msitu. Msitu ukikatwa jua likaingia, imekwisha, hata kama hakuna aliyeigusa. Sasa watu wakisikia ni adimu wanataka kwenda kuchukua jani moja moja waoteshe nyumbani. Je, kwa mbegu inawezekana? Kila mtu anasema vayoleti ni ya majani tu.

MwanaKitalu

Shikamoo dada, kama ni mkubwa kwangu. Umegusa mmea ninaoupenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni.

Dunia nzima inaijua kama ua la dirishani, na chanzo chake ni huku kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, aliikuta huku, akampelekea baba yake Ujerumani. Ikafika kwa Hermann Wendland kwenye bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akaipa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo ukiona jina hilo kwenye lebo usishangae, ni ileile. Miaka kumi hivi baada ya huyo afisa, mwaka 1902, Wajerumani wakaanzisha bustani ya mimea ya Amani, hapa juu kwetu. Ukipanda Amani leo, kingo za mito yenye miamba ndiko inakoishi: mwanga mdogo, hewa yenye unyevu, udongo kidogo sana kwenye nyufa.

Mbegu inawezekana kabisa. Jani linakupa mmea uleule, nakala. Mbegu inakupa watoto wanaotofautiana, na kwa aina ya asili iliyobaki michache hiyo tofauti ndiyo afya yake. Ukiangalia ua, katikati kuna vifuko viwili vya njano vimeshikana. Chavua iko ndani na haitoki yenyewe. Porini nyuki hulishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa ndipo inamwagika. Nyumbani unachana kifuko kimoja kwa sindano, unagusisha chavua kwenye ncha ya ule uzi uliopinda pembeni. Ukifanikiwa ua linadondoka na kijitunda kinaanza kuvimba. Kinachukua miezi kadhaa kukauka, usikikimbilie.

Ndani utakuta mbegu ndogo kama ugoro. Usizifunike. Nyunyiza juu ya udongo laini uliochujwa, uliokwisha kunywa maji kwa chini, kisha funika chombo kwa kioo au mfuko mweupe unaopitisha mwanga. Zinahitaji mwanga kuota, ila si jua la moja kwa moja. Wiki ya pili hadi ya nne utaona ukijani hafifu juu ya udongo ambao unaweza kudhani ni utando wa mwani. Ndiyo miche hiyo. Iache mpaka uweze kuona majani, halafu ihamishe kwa ncha ya kijiti cha meno.

Lakini kuhusu Mbololo, naomba tusimtume mtu yeyote huko, hata kwa jani moja. Aina za asili zinalimwa tayari kwenye bustani za mimea na kwa wapenzi wa ua hili. Tafuta iliyotoka kwenye mmea wa kulimwa. Na zile za madukani zenye rangi mchanganyiko ni machotara, mbegu zake hazitazaa mama yao.

Yakhe wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Oman, mzee wetu ni wa Unguja. Nimefurahi kusoma khabari ya waridi la jangwani maana na huku Dhofar linamea lenyewe milimani, maua yake ya waridi khasa, shina limevimba chini. Na mibuyu pia ipo, Wadi Hinna, karibu na Mirbat. Mgeni akitoka Unguja akaiona husimama akadhani amerudi kwao.

Swali langu ni la ubani. Nina mbegu za mti wa ubani wa Dhofar, nimezitia udongoni mara nyingi, zinazoota ni chache mno. Kuna njia?

MwanaKitalu

Waalaykum salaam yakhe. Ubani wa Dhofar, Boswellia sacra, ndivyo ulivyo, tunda zuri kwa nje na ndani mara nyingi hamna kitu. Chagua nzito, kata mojawapo uone kama ina nyama nyeupe ndani. Utafiti uliofanywa Eritrea kwa ndugu yake, Boswellia papyrifera, ulionesha kuwa miti inayogemwa sana hutoa mbegu dhaifu kuliko inayopumzishwa, kwa kuwa nguvu inakwenda kwenye utomvu. Kwa hiyo ukiweza kuokota chini ya mti ambao haujagemwa, anza na huo. Sia mara moja, juujuu, kwenye mchanga wenye chokaa, na maji yawe ya kunyunyiza.

Dodoma Kavu

Wakuu, mbuyu je? Huku kwetu mibuyu mikubwa ipo kila upande lakini midogo huioni, ng'ombe na mbuzi wanaimaliza. Nilitaka nipande uwani. Nimechukua mbegu za ubuyu ule mwekundu wa Zanzibar wanangu walipomaliza kumumunya, nikazifukia. Kimya.

MwanaKitalu

Ule umepikwa na sukari na rangi, mkuu, kiini kimeshakufa. Tafuta buyu zima, livunje mwenyewe, loweka unga utoke, ubaki na mbegu safi.

Ganda lake ni gumu, halipitishi maji. Porini tembo na nyani hula ubuyu na mbegu hupita tumboni. Sisi tuna tupa: sugua ubavu mmoja wa mbegu mpaka uone weupe kidogo, usizidi hapo, kisha loweka usiku kucha. Ambayo imevimba asubuhi isie, ambayo haijavimba isugue tena. Ukiwa na mbegu nyingi, chemsha maji, epua, tumbukiza mbegu, ziache humo zipoe mpaka kesho yake; hutapata zote ila hutachoka mikono. Kiriba kiwe kirefu kwa sababu mzizi mkuu unakwenda chini haraka na kunenepa. Na uzungushie miiba mpaka shina liwe refu kuliko mbuzi.

Kilindini (Mombasa)

Ningependa tuongee na mtapo, ule mmea wenye majani kama ya mnazi unaotoa koni badala ya maua. Shangazi yangu ana mmoja mkubwa uani, mwaka huu umetoa koni, limepasuka, limejaa mbegu nyekundu. Hakuna aliyewahi kuziotesha hapa nyumbani. Nianzie wapi?

MwanaKitalu

Hongera kwa shangazi, mpe salamu. Kama umetoa mbegu basi wake ni jike, maana mitapo ina dume na jike mbalimbali. Swali la kwanza ni je, kuna dume jirani aliyetoa koni wakati uleule? Pasipo dume mbegu zinaweza kuumbika kwa nje na zikawa kapi. Zitie kwenye ndoo ya maji baada ya kumenya. Zinazoelea mara nyingi hazina kitu.

Vaa glavu. Ule mnofu mwekundu na kiini chenyewe vina sumu, mbwa na watoto wakae mbali. Menya mnofu wote, osha, kausha kivulini. Halafu usizisie leo. Mbegu ya mtapo inaanguka kijusi chake kikiwa hakijakomaa, kinaendelea kukua ndani ya ganda. Ziweke kwenye mchanga mkavu kidogo, pahali pa baridi kiasi, kwa miezi kadhaa. Kisha zilaze ubavu juu ya mchanga wenye joto, nusu ifukiwe nusu ionekane. Mzizi unatoka kwanza, jani linafuata baadaye sana, na huwa linatoka moja tu. Usifukuefukue kuangalia.

Kumbuka pia mitapo yote ya jenasi ya Encephalartos iko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuing'oa na kuivusha mpaka si jambo la mchezo.

BintiTaita

Naongeza hapo. Sisi tuko na Encephalartos kisambo, ya milima ya Maungu, nayo iko hatarini. Na kwa wanaosema jike na dume si kitu, mwangalie ule wa Afrika Kusini, Encephalartos woodii. Ulipatikana mmoja tu mwaka 1895 kwenye msitu wa Ngoye, dume, na mpaka leo jike halijaonekana. Iliyopo duniani yote ni machipukizi ya huyo mmoja, ikiwemo ule ulioko bustani ya mimea ya Kew, London, tangu 1899. Haujawahi kuzaa mbegu ya kwake halisi hata moja. Kwa hiyo shangazi wa Mombasa akipata mbegu zilizo hai, hiyo ni mali.

Mkulima wa Balkoni

Kuna duka la mtandaoni nimeona linauza mbegu za waridi la bluu, za upinde wa mvua, na za vayoleti pakiti ya mbegu kubwa kama mtama. Niagize?

Ngarenaro Bustani

Usiagize. Waridi la bluu kabisa halijawahi kuota kwa mbegu, zile picha zimepakwa rangi. Na vayoleti yenye mbegu kama mtama haipo, mwenzetu ameshaeleza hapo juu. Halafu kuna sheria: mbegu kutoka nje zinataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Tanzania wanaosimamia ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; Kenya ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Magugu na magonjwa mengi yameingia kwa mtindo wa bahasha.

Za miti ya asili zipo hapahapa. TFS, wakala wa huduma za misitu Tanzania, wana kituo cha mbegu za miti Morogoro, na kwa wenzetu Kenya kuna KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Muguga. Nimechukua mbegu za mpingo kwa njia hiyo, zinaota bila taabu, kinachotaka subira ni kukua.

Mngindo Halisi (Kilwa)

Mmezungumza mpingo nikakumbuka kitu. Kuna mti mwingine wa huku kwetu, Karomia gigas. Wataalamu waliujua mara ya kwanza Kenya mwaka 1977, kwa mti ambao baadaye ulikatwa. Ikasemwa umetoweka. Mwaka 1993 ukaonekana Kilwa, ukapotea tena machoni, ukapatikana upya mwaka 2011. Iliyobaki ni michache, na matunda yake yanavamiwa na kuvu kabla mbegu hazijaiva. Mwaka 2018 matunda yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, yakapekuliwa moja moja kutafuta zilizo hai, na miche ikapatikana. Nashukuru kuwa imeota, ila naumia kuwa imebidi ikaotee huko.

MwanaKitalu

Mkuu, hapo umesema lililokuwa moyoni mwangu tangu naandika bandiko la kwanza. Kukata tunda, kutafuta kiini kilicho hai, kukikinga na kuvu, ni kazi ileile tuliyoieleza hapa kwa ubani na mtapo. Vijana wa kuifanya tunao, viriba tunavyo, joto tunalo. Kwa miti kama huo kila kitu kipitie kwa TFS na wataalamu, mtu asiende peke yake msituni kuokota.

Dodoma Kavu

Nimerudi wakuu. Mbegu za mbuyu nilizisugua kwa tupa, zimeota. Sasa mbona majani ni moja moja, marefu, hayana vidole? Jirani ananiambia nimepanda mti mwingine kabisa.

MwanaKitalu

Ni mbuyu huo, mwambie jirani asubiri. Mche mdogo hutoa majani mazima, vidole vinakuja baadaye ukishakua. Punguza maji kiangazi kikianza, ukidondosha majani usiung'oe, umelala tu. Na kiriba ukiona mzizi umetokeza chini, uhamishie uwani mvua za kwanza zikinyesha, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na bomba.

Kilindini (Mombasa)

Tumezitia majini mbegu za shangazi. Zilizozama ni zaidi ya nusu. Jirani wa nyumba ya tatu naye ana mtapo, amekubali tukaangalie koni lake lilikuwa la aina gani. Nitaweka picha.